Kwa nini kamera iko kwenye bili yako ya mtego

Wiki iliyopita mteja mmoja wa Karen, hapa Nairobi, alisoma bili yetu, akakubali kizimba (mtego wa kumnasa mnyama akiwa hai), akakubali chambo na usafiri, kisha neno “kamera” akalikata kwa kalamu. Kando akaandika: soja wangu ataangalia. Huyo ni wa nne mwezi huu, na mmoja wao amewaambia majirani kwamba tunawalipisha watu vitu wasivyovihitaji. Hilo limetuuma, kwa hiyo tunaeleza.

Anayetupigia simu huwa keshapoteza kuku watano au sita, ana hasira, na anataka mtego utegwe leo leo. Tunamwelewa. Hata hivyo hatutegi kizimba kabla kamera haijalala bandani siku mbili. Mwaka jana, Lang’ata, mama mmoja alikuwa na hakika kwamba mwizi wa mayai yake ni paka. Alinunua mtego wake mwenyewe, akawa anautegea omena kila usiku kwa wiki tatu. Alimnasa paka wa jirani mara mbili, na salamu zikakatika. Tulipofunga kamera, mwizi alitokea saa nne asubuhi, jua likiwaka: nguchiro mwembamba, ncha ya mkia nyeusi, akichomoka kwenye ua wa kaiyaba na kupenya chini ya mlango wa banda, mahali pa vidole vitatu tu. Nguchiro huyo ni mnyama wa mchana. Mtego wa usiku ungekaa hapo mwaka mzima. Tena ni mnyamapori, na chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013 huwezi kumtega kwa uamuzi wako tu bila kuwahusisha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Tuliziba pengo kwa waya na mawe, tukamtoza yule mama kamera na waya, basi. Kizimba hakikushuka kwenye gari.

Sasa, habari ya soja. Kuna mteja aliyetuomba tuitoe kamera baada ya usiku wa kwanza ili apunguze gharama, nasi tukakubali. Lilikuwa kosa letu. Jumamosi usiku paka shume akaingia kizimbani. Jumapili soja alikuwa na ofu, na wa zamu akadhani kizimba kile ni cha sungura. Tulifika Jumatatu saa sita mchana. Paka alikuwa amesugua pua kwenye waya mpaka nyama ikaonekana, kucha mbili zimeng’oka, sahani ya chambo imekauka, na hakuwa na nguvu hata ya kututisha. Daktari wa mifugo alilipwa zaidi ya kamera ya wiki nzima. Tangu siku hiyo hatumwachii mtu kizimba bila kamera.

Wengine husema kamera hata wao wanayo, ile ya getini. Hiyo haitoshi. Hata kamera ya porini, aina tunayotumia sisi, huamshwa na joto linalotembea. Mnyama akishanaswa na kujikunja kimya, haioni kitu, na mabati yakipata moto mchana huchanganyikiwa kabisa. Ndiyo maana yetu tunaipanga pia ipige picha kila saa, kuwe na mnyama au kusiwe. Tunaifunga usawa wa goti, mita tatu kutoka kizimbani, maana ukiisogeza karibu sana taa yake ya usiku hugeuza kila kitu kuwa cheupe. Hatuielekezi mashariki. Majani yote mbele yake tunayafyeka, la sivyo upepo ukiyatikisa utapokea picha mia mbili za nyasi. Betri ni nane za lithiamu. Za bei nafuu hulegea kwenye baridi ya Julai, tena usiku wa manane.

Kuna jambo moja tunalowafundisha vijana wetu kuliko yote: kimya cha kamera si habari njema. Bando linaweza kuisha, mtandao unaweza kupotea. Picha ya saa kumi na mbili asubuhi isipoingia, mtu anapanda boda na kwenda kukitazama kizimba kwa macho. Hata zikiingia, bado tunakikagua asubuhi na jioni.

Shilingi 800 za kamera kwa usiku ni betri, bando, na kijana anayeamka saa tisa usiku simu ikilia.

Mteja wa Karen tulimrudishia amana yake yote siku hiyo hiyo, na kizimba tukaondoka nacho.