Mama Neema, ile taa ya sodiamu usiinunue

Kasarani, Nairobi
Julai

Mama Neema mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi ya Nairobi. Hapa kwangu tu wazima, isipokuwa mafua ya msimu yanayozunguka kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Habari za uhamisho wako kuja mtaa wa Pipeline hapa Nairobi zimenifurahisha sana, na furaha imezidi uliposema maua ya mama yako hutayaacha Wundanyi. Ila ile taa ya sodiamu ya wati 400 ya kuyamulikia ndani, anayokuuzia yule jamaa kutoka shamba la maua lililofungwa, ndiyo imenifanya nikuandikie leo leo badala ya kungoja tuonane. Usiinunue. Hata akishusha bei mara mbili, usiinunue.

Anza na tokeni za stima. Taa imeandikwa wati 400, lakini balasti yake, kile kifaa kinachoiendesha, nayo inakula, kwa hiyo hesabu kama 440. Iwashe kwa muda wa saa 12 kila siku, umetumia zaidi ya uniti 5. Tuseme uniti moja ni shilingi 30 pamoja na makato yote, ili tupate hesabu nyepesi: hapo ni kama shilingi 158 kwa siku, karibu 4,750 kwa mwezi. Hujapiga pasi, hujachemsha maji ya kuoga. Sasa chukua balbu mbili za LED za wati 20 kila moja, muda ule ule. Hazifiki hata nusu uniti kwa siku. Kwa mwezi ni kama shilingi 430.

Najua utasema taa ya sodiamu inatoa mwanga mwingi kuliko balbu mbili ndogo. Ni kweli, tena mwingi sana. Ila mwanga ule ulitengenezewa banda la maua, uning'inie juu na kumwagikia matuta mengi. Wewe una rafu moja na vyungu vyako. Mwanga mwingine wote utaangukia sakafu, kochi na ukuta, na utaulipia. Halafu hata ukilinganisha wati kwa wati, taa nzuri za LED za siku hizi huwapa mimea mwanga mara mbili au zaidi ya taa ya sodiamu ya wati 400 kwa umeme ule ule.

Joto lake ndilo linaniogopesha zaidi. Kule Uholanzi, wakati wa kipupwe, mkulima anafurahia joto la taa hizo kwa sababu vinginevyo angelipa kupasha banda. Katika chumba kimoja cha Pipeline chenye watoto, pazia na nguo zilizoanikwa, joto hilo utalipeleka wapi? Lazima iwe juu ya mmea kwa nusu mita na zaidi, la sivyo majani yanaungua. Rangi yake ni ya chungwa, chumba kizima kinageuka hivyo, na Neema atafanyia kazi yake ya shule papo hapo. Na stima ya huku unaijua, inapotea na kurudi. Taa ya sodiamu ikizimika ingali moto haiwaki tena papo hapo. Hungoja ipoe dakika kadhaa, kisha huchukua dakika nyingine kurudia nguvu yake.

Umeniuliza pia, mbona mashamba ya Naivasha bado yamezoea balbu za kawaida zile za waya ndani, na maua yao yanauzwa Ulaya? Hapo kuna jambo ambalo wengi hulichanganya. Ukipita Naivasha usiku ukaona mabanda yanang'aa, mara nyingi taa zile si za kulisha mimea. Ni za kuukata usiku. Krisanthemumu huchanua usiku ukiwa mrefu, na huku kwetu karibu na ikweta usiku ni kama saa 12 mwaka mzima. Ukiuacha mmea hivyo utachanua mapema ukiwa mfupi, na mnunuzi anataka shina refu. Kwa hiyo mkulima anawasha taa hafifu usiku, mmea unaona kama usiku ni mfupi, unaendelea kurefuka. Kazi hiyo haihitaji mwanga mwingi, na balbu ya waya inaiweza vizuri kwa sababu ina mwanga mwingi mwekundu, ambao mimea huutumia kupima giza. Kulisha jani ni kazi nyingine. Kwa kazi hiyo balbu ya waya haifai kabisa: karibu asilimia 90 ya umeme wake ni joto tu, na baada ya kama saa 1,000 imeungua. Ukimwekea mche wa nyanya balbu hiyo unamwona anarefuka shingo, mwembamba, amepauka, anaegemea upande wa dirisha.

Kuhusu taa za tyubu siwezi kusema vibaya. Kwa miaka mingi zilikuwa ndizo taa bora za ndani ya nyumba, na maua ya mama yako ni ushahidi. Yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya, ambayo Wazungu huyaita African violet, yana asili ya huku kwetu. Mwaka 1892 ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyaona Usambara, mbegu zikapelekwa Ujerumani, na leo yamejaa madirisha ya Ulaya na Marekani. Wapenzi wake kule waliyakuza chini ya tyubu, hata kwenye vyumba vya chini ya ardhi visivyoona jua, na yakachanua. Tyubu hutawanya mwanga sawasawa, haichomi jani, na mmea wa kivuli kama huu hauhitaji zaidi. Ndugu zao wa porini bado wako msitu wa Mbololo, kwetu Taita, na ni wachache. Nakuomba, mtu akikuletea mche uliong'olewa huko, usiuchukue. Vyungu vya mama vinatosha, na jani moja tu ukilichomeka kwenye udongo mwepesi linakupa mmea mwingine.

Basi kama tayari una tyubu nzima nyumbani, endelea kuitumia mpaka ichoke. Kununua mpya ndiko nisikokushauri. Tyubu mbili za wati 36 na balasti zake zinakaribia wati 90, zaidi ya mara mbili ya zile balbu za LED, na mwanga wake hupungua polepole kabla ya kuungua, kwa hiyo unaona taa inawaka kumbe mmea una njaa. Tena ndani yake kuna zebaki. Ndiyo maana nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, Kenya ikiwemo, zimekubaliana kuachana na kutengeneza na kuagiza taa hizo, na mwisho umewekwa 2027. Ikikuvunjikia, toa watoto nje, fungua dirisha, subiri dakika kama kumi. Usifagie kwa ufagio. Zoa vipande kwa karatasi ngumu, malizia unga kwa utepe wa kunata, funga vyote ndani ya chupa yenye kifuniko.

Sasa LED yenyewe, maana nako kuna mitego.

Ukifika Luthuli Avenue utaonyeshwa kwanza taa za zambarau. Muuzaji atakwambia hizo ndizo za mimea, nyeupe ni za watu. Hoja yake ina msingi wa zamani: klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, hunyonya zaidi mwanga wa buluu na mwekundu, kwa hiyo waliotengeneza taa za mwanzo waliweka rangi hizo mbili tu. Lakini jani halikatai mwanga wote wa kijani. Sehemu kubwa yake hutumika, tena hupenya ndani zaidi ya jani na kuyafikia majani ya chini. Na balbu nyeupe ya LED ndani yake ni LED ya buluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya buluu kuwa njano na nyekundu. Buluu hiyo ilisumbua wataalamu miaka mingi, hadi wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipoipata, wakatuzwa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Kwa hiyo balbu nyeupe ya dukani, ile ya kuwekwa jikoni, tayari ina chakula cha mmea.

Mimi naipenda nyeupe kwa sababu nyingine pia. Wiki jana nilikuwa nageuza majani ya pilipili zangu jioni, taa ikiwa juu yake. Upande wa chini nikaona madoa madogo ya njano, kama vumbi, na utando mwembamba kuliko uzi wa buibui kwenye pembe ya jani. Utitiri. Nikauosha kwa maji na sabuni kidogo usiku ule ule, na pilipili zimepona. Chini ya taa ya zambarau jani lote huonekana jeusi, usingeona chochote mpaka mmea umekwisha.

Mtego wa pili ni maandishi ya boksi. Utakuta imeandikwa wati 1000 kwa herufi kubwa, na taa yenyewe unaibeba kwa vidole viwili. Soma herufi ndogo nyuma au kwenye adapta, tafuta wati inazokula kweli. Wa tatu ni saketi ya ndani. LED yenyewe inaweza kudumu saa elfu nyingi, lakini ile saketi inayoiendesha, kama ni ya bei ya kutupa, hufa stima inaporudi kwa kishindo. Chukua yenye dhamana ya duka, na weka kinga ya umeme kwenye soketi. Na usidanganywe kwamba LED haina joto. Inalo, ila linatokea mgongoni. Usiifunge ndani ya kiboksi kisicho na hewa.

Kabla ya kununua hata balbu moja, angalia dirisha. Watu wanaotoka mashambani hushangaa: jua la Nairobi ni kali, mbona ndani ni giza? Kwa sababu hapa jua la mchana liko karibu juu ya utosi, linapiga paa na haliingii ndani. Dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi, la magharibi hupata la jioni. La kaskazini huliona kidogo miezi ya Juni, la kusini Desemba. Na Juni hadi Agosti mawingu hufunika siku nzima, kama sasa. Ongeza zile ghorofa za Pipeline zinazokaribia kugusana na utaelewa kwa nini dirisha linaweza kuwepo na mmea ukafa njaa. Ukienda kuiona nyumba, nenda saa sita mchana. Weka karatasi nyeupe pale utakapoweka rafu, shika mkono juu yake kama sentimita 30. Kivuli kikiwa na kingo wazi, mwanga upo. Kikiwa cha ukungu, dhania itakonda ila maua ya mama yataishi. Usipoona kivuli, taa ni lazima, na kama bado hujalipa diposti, uliza kama kuna chumba cha juu zaidi.

Kupanga ni rahisi. Rafu ya chuma utatengenezewa na mafundi wa jua kali kule Kamukunji. Balbu ifungwe chini ya kila ubao, sentimita 20 hadi 30 juu ya majani, maana LED haichomi kama sodiamu na ukaribu ndio unaoleta nguvu: ukiipandisha balbu tupu mara mbili ya umbali, mwanga unaofika hubaki karibu robo. Nunua nyeupe ya kelvini 4000 hadi 6500, kile kipimo cha rangi ya mwanga. Hakikisha kama soketi zako za balbu ni za pini au za skrubu, wenye nyumba huchanganya. Nyuma ya rafu paka rangi nyeupe. Weka taima, iwake saa kumi na mbili asubuhi na kuzima saa kumi na mbili jioni. Mimea inahitaji giza lake. Waya uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda tena, ili maji ya kumwagilia yakitiririka yadondoke sakafuni, yasiingie kwenye umeme. Hili tafadhali usilipuuze.

Nyanya usihangaike nazo ndani. Zinataka mwanga mwingi mno, na sokoni ziko. Dhania, rehani, mchicha wa kuchuma ukiwa mdogo, na maua ya mama: hivyo vitakupa furaha.

Mwambie huyo jamaa wa taa asante, atafute mwenye banda. Ukishafika, tenga Jumamosi moja tushuke Luthuli pamoja, na unitumie mapema upande dirisha lako linakotazama ili nijue tununue balbu ngapi. Vyungu vifunge kwa magazeti na uvikalishe miguuni pako ndani ya matatu, visipande juu ya keria.

Wasalimie wote nyumbani, hasa mama.

Wako,
Mama Baraka