Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: naomba mswada wetu

Ndugu Afisa Elimu Sekondari,

YAH: KURUDISHIWA MSWADA WA KIJITABU CHA TAMADUNI ZA NCHI ZA NJE

Salaam. Jumamosi iliyopita nilinunua karanga za mia tano mwaloni Kirumba. Nilipokunjua karatasi nikasoma: "Wachina hutanguliza jina la ukoo." Sentensi hiyo niliiandika mimi. Ni ukurasa wa 14 wa mswada tuliokukabidhi mwaka jana, walimu wanne, ukasaini na kugonga muhuri.

Kwenye kikao ulisimama ukatuambia: andikeni, ofisi itachapa. Tukaandika miezi 11 bila posho, na posho hatukuomba. Mimi nilipanda daladala kwenda Bujora mara sita, kufuatilia jinsi padri kutoka Kanada, David Clement, alivyoanzisha makumbusho ya Wasukuma pale. Tulitaka watoto waone kwamba nasi tuliwahi kuwa wageni machoni pa mtu, naye akataka kutujua.

Tulianza kwa uchungu. Tuliwapeleka Kidato cha Pili Kigongo, daraja likiwa bado linajengwa. Mwanafunzi wangu, tena anayeongoza darasani, alimsalimia fundi wa Kichina kwa kujivuta macho. Wenzake wakaangua kicheko. Yule baba aliinama akaendelea na kazi yake. Sijasahau.

Lakini mtoto yule angejifunzia wapi vingine? Darasani anakutana na Speke kufika ziwani 1858, kisha Mjerumani, kisha Mwingereza. Mgeni anayemjua ni mpelelezi au mtawala. Mhindi anayemuuzia madaftari kila Januari hamjui, ingawa "gari", "laki" na "bima" ni maneno yaliyotoka kwao. Nilipowasomea kwamba wanafunzi wa Japani nao hufagia madarasa yao wenyewe, hawakuamini. Mmoja akauliza kama nao huchapwa. Nikamjibu sheria ya kule inakataza tangu 1947. Darasa lilinyamaza, halafu maswali yakaja mpaka kengele ikalia tukiwa bado tunabishana. Kipindi kama kile sikuwahi kukipata kwa miaka yote niliyofundisha.

Mswada ulifikaje kwa muuza karanga? Nahisi ni pale ofisi ilipohama, masijala ikauza makaratasi kwa kilo. Wapo wanaoniambia ulitupwa kwa sababu tumeandika kwa Kiswahili. Kama kikwazo kilikuwa ithibati ya Taasisi ya Elimu, ungetuandikia hata mstari mmoja, tungejua pa kwenda. Nimefika ofisini kwako mara saba. Mara zote saba uko kikaoni. Nauli ni yangu, na vipindi nilivyoviacha siku hizo ni vya watoto.

Nakala nyingine hatuna. Flashi iliingia virusi, haifunguki, na mwenzangu aliyeandika sura ya India amehamishwa mkoa.

Kwanza tuliomba nakala 40. Tukashuka, tukaomba 10. Sasa siombi tena uchape. Naomba kurasa zetu. Zilikuwa 62, wa 14 ninao, una chumvi lakini unasomeka. Agiza masijala watafute zilizobaki, makabatini, stoo, popote. Hata zikiwa ishirini, nirudishie. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwako kuzichukua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia, shule ya sekondari ya kata
Mwanza