Barua ya wazi kwa Waziri anayesimamia usajili wa vifo: wanaofia nyumbani nao wahesabiwe

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia hadharani, kwa kuwa subira yetu imefika kikomo. Wiki iliyopita mjane wa kaka yangu aliambiwa katika ofisi moja kwamba hapati cheti cha kifo mpaka alete barua ya mochari. Mochari gani? Marehemu alifia nyumbani, kando ya Mto Tana, tukamzika kabla ya magharibi kama dini inavyotuelekeza. Naibu wa chifu, ambaye ndiye huandikisha vifo vya nyumbani, alikuwa ameishiwa fomu, akaliandika jina lake nyuma ya daftari la shule na kuahidi kulihamisha fomu zikifika. Hazijafika. Bila cheti hicho, shemeji yangu hawezi kutoa akiba iliyomo kwenye simu ya mumewe wala kufungua kesi ya mirathi, na watoto wanarudishwa nyumbani kwa karo.

Msiba huu si wetu peke yetu. Kila mwaka serikali huchapisha majedwali ya vifo vilivyosajiliwa katika kaunti zote 47 za Kenya, na anayeyasoma juu juu atadhani kwamba Mandera, Wajir na Tana River ni kaunti zenye afya njema kuliko Nairobi. Sivyo, Mheshimiwa. Kifo husajiliwa mahali kilipotokea: mgonjwa wetu akipelekwa Mombasa na kufia huko, huhesabiwa Mombasa, aliyekosa nauli akafia kitandani kwake, mara nyingi hahesabiwi popote. Pasipo na hospitali ndipo vifo vinapoonekana vichache, na nashuku kwamba uchache huo wa kwenye karatasi ndio unaotucheleweshea zahanati na ambulensi.

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, haikubagua kati ya aliyefia wodini na aliyefia mkekani. Mwaka 2015 Kenya iliungana na mataifa mengine kuyakubali Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, ambayo kimojawapo cha vipimo vyake ni kusajili asilimia 80 ya vifo, na mwaka wa kukamilisha ni 2030. Wala msituambie haiwezekani kuwafikia watu wa mbali, kwa maana makarani wa sensa ya 2019 walifika hadi vijijini kwetu, wakauliza kila kaya ni nani aliyefariki katika miezi 12 iliyotangulia. Waliweza.

Tunachoomba ni kimoja: manaibu wa chifu wapewe fomu za kutosha mwaka mzima, na zifike kabla mvua hazijakata barabara. Miezi sita ikipita tangu kifo, jamaa hutwishwa usajili wa kuchelewa kwa kosa lisilo lao. Miezi sita ya kaka yangu inakaribia kwisha. Tuletee fomu, Mheshimiwa. Tafadhali, tuletee fomu.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kaunti ya Tana River