Anayekula peke yake mgahawani naye ni mteja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo tangu wiki iliyopita. Niliingia katika mgahawa ninaoupenda kuliko yote, nikiwa peke yangu kama nilivyozoea, na kabla sijaifikia meza ya dirishani ambayo nimeikalia mara zisizohesabika, kijana wa mapokezi, ambaye ni mgeni pale, aliniuliza tuko wangapi. Nilipomjibu kwamba niko peke yangu, alinielekeza kwenye kiti kilichobanwa kati ya mlango wa jikoni na rafu ya vyombo vichafu, akanieleza kwa upole kwamba meza za dirishani ni za watu wawili na kuendelea. Sehemu kubwa ya ukumbi ilikuwa tupu. Sikubishana naye, maana alikuwa akitekeleza alichoagizwa, lakini nilikula harakaharaka na kwa unyonge, huku nikikumbuka kwamba si miaka mingi iliyopita mgahawa huohuo ulinipokea mimi, peke yangu vilevile, kwa mikono miwili.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia, na katika siku chache zilizofuata nchi nyingi zilifunga migahawa; Ufaransa ilifunga usiku wa kuamkia tarehe 15, Uingereza ikafuata tarehe 20. Mimi huishi peke yangu. Kazi zangu nilizihamishia sebuleni, na kwa wiki nyingi sauti za watu nilizisikia kwa simu tu. Kwa hiyo migahawa iliporuhusiwa kufunguliwa tena kwa masharti, niliwapigia wenzangu wa kazini ambao tulikuwa tukila nao pamoja, na wote wakakataa, mmoja akiwa anamuuguza mama yake na wengine wakihofia tu. Sikuwalaumu. Nikaenda mwenyewe.

Nilichagua saa tisa alasiri, wakati ambao si wa chakula cha mchana wala cha jioni, ili nisikutane na watu wengi. Nusu ya meza zilikuwa zimeondolewa na viti vya ziada vimepangwa juu kwa juu ukutani. Mzee aliyekuwa akituhudumia kwa miaka mingi alikuwa mlangoni, barakoa imemfunika hadi chini ya macho, na nilimtambua kwa jinsi anavyokikunja kitambaa chake mara tatu kabla ya kukiweka begani. Nilimwamkia, akaitikia, akanipima joto kwenye paji la uso, akanimiminia kitakasa mikono, kisha akasema, "Karibu, mwanangu. Meza yako ipo." Dirisha alikuwa amelifungua kabisa. Chakula kilipokuwa tayari alikiweka kwenye meza ya jirani, akarudi nyuma hatua mbili na kunipa ishara nikichukue mwenyewe, na katika kurudi nyuma kule niliona heshima na hofu kwa pamoja, yake kwangu na yangu kwake. Tuliongea maneno machache kwa mbali: jirani zake, afya yake, siku walizokaa bila mshahara. Sikukaa hata saa moja. Lakini nilipotoka nilikuwa nimesikia sauti ya mtu ambayo haikupitia kwenye simu, na niliposema nami, mtu alinisikia akiwa mbele yangu.

Nilirudi mara nyingi baada ya hapo, na wapo walionikemea kwa hilo. Hoja yao naiheshimu, kwa sababu hatari haikuwa ya kufikirika. Mnamo Januari 2020, katika mgahawa usio na madirisha mjini Guangzhou nchini China, watu 10 wa familia tatu zilizokuwa zimekaa meza za jirani waliambukizwa, na watafiti waliochunguza mkasa ule waliunyoshea kidole mkondo wa hewa ya kiyoyozi. Mimi niliposoma habari zile nilijifunza kwamba jambo la kuangalia ni hewa, muda, na vinywa vinavyoongea kwa sauti bila barakoa. Mtu anapokula lazima aivue barakoa, hilo halina namna. Lakini anayekula peke yake hana wa kuongea naye kwa saa mbili, hapigi kelele za kicheko juu ya sahani za wengine, na akishamaliza huondoka. Nchini Japani migahawa ilibandika matangazo ya kuwaomba wateja wale kimyakimya, na Korea Kusini, mwezi Desemba 2021, serikali iliamua kwamba asiyechanjwa wala kuwa na cheti cha kipimo angeruhusiwa kula mgahawani akiwa peke yake tu. Yaani kwa muda fulani mtu mmoja mezani ndiye aliyeonekana kuwa mteja mwenye usalama zaidi. Hata hivyo sisahau kwamba mimi nilichagua kwenda, na yule mzee hakuwa na uchaguzi kama wangu, ndiyo maana nilivaa barakoa kila alipokaribia na sikuwahi kulalamikia kuchelewa kwa chakula.

Wapo pia waliokwenda mbali zaidi ya kuvumilia mteja mmoja. Huko Värmland nchini Uswidi, mwezi Mei 2020, ulifunguliwa mgahawa wenye meza moja na kiti kimoja katikati ya konde la majani, ukipokea mgeni mmoja tu kwa siku. Chakula kilimfikia ndani ya kikapu kilichoning'inia kwenye kamba kutoka dirisha la jikoni, na malipo aliamua mwenyewe kwa kadiri ya uwezo wake. Sisemi kila mwenye mgahawa afanye hivyo, kwa kuwa biashara ya namna ile haiwezi kulipa kodi ya pango mwaka mzima. Ninachosema ni kwamba kuna watu walikaa wakamfikiria mgeni aliye peke yake, tangu atakapoketi hadi atakaposhiba, wakamwandalia kama mgeni kamili.

Najua wenye migahawa watanijibu kwa hesabu. Meza ya watu wawili ikikaliwa na mmoja, nusu ya mapato ya meza hiyo imepotea, na baada ya hasara za miaka ile kila kiti kina thamani. Hesabu hiyo ni sahihi saa saba mchana na saa mbili usiku, wakati watu wamepanga foleni mlangoni, na wakati huo mimi mwenyewe nitakubali kukaa popote au kungoja. Haina ukweli wowote saa tisa alasiri, wakati meza zimekaa tupu na wahudumu wameegemea kaunta. Isitoshe, anayekula peke yake huja mara kwa mara kwa sababu hahitaji kumsubiri mtu wa kupanga naye. Wakati ule ambapo harusi, mikutano na karamu za kuzaliwa zilikuwa zimesimama, bili ndogondogo za watu kama mimi ndizo zilizowezesha jiko liwashwe. Na idadi yetu haipungui: Ripoti ya Furaha Duniani ya mwaka 2025 inaeleza kwamba nchini Marekani, mwaka 2023, takriban mtu mmoja kati ya wanne alisema kwamba milo yake yote ya siku iliyotangulia kuulizwa aliila peke yake, na kwamba hilo ni ongezeko la asilimia 53 tangu mwaka 2003.

Ripoti hiyohiyo inaonyesha kwamba wanaokula na wenzao huridhika zaidi na maisha kuliko wanaokula peke yao, na huenda msomaji akaniuliza kwa nini basi natetea jambo linaloambatana na upweke. Hapa ndipo ninapoomba tutofautishe. Kula peke yako nyumbani, umesimama jikoni, sufuria ikiwa bado juu ya jiko na simu mkononi, si sawa na kula peke yako mahali ambapo mtu amekuwekea glasi ya maji, amekuuliza kama chumvi imekolea, na meza mbili mbele yako mtoto anakataa kumaliza chakula chake. Mimi kwenye meza ya dirishani sikuwa na mwenzangu, ila nilikuwa kati ya watu, na kwa aliyefungiwa ndani kwa miezi, tofauti hiyo ni kubwa mno. Kuna mjane, kuna msafiri, kuna mfanyakazi wa zamu ya usiku, kuna aliyehamia mji asikomjua mtu. Wote hawa wana njaa, na kwa wengine muhudumu ndiye mtu pekee watakayesemezana naye siku hiyo. Ukimpeleka mtu kama huyo karibu na vyombo vichafu kwa kosa la kutokuwa na mwenzake, umemkumbusha lile alilotoka nyumbani kulisahau.

Ombi langu kwa wenye migahawa si kubwa. Wakati wa janga walinunua au kutengeneza meza ndogo, wakajifunza kuzipanga karibu na hewa na mwanga. Wabakize mbili au tatu kati ya hizo, mahali ambapo wao wenyewe wangependa kukaa. Mapokezi waache kuuliza "Uko peke yako tu?", kwa sababu neno hilo la mwisho linauma kuliko wanavyodhani; swali la "Karibu, ungependa kukaa wapi?" linatosha. Na pale penye masharti ya meza za watu wawili, yabandikwe mlangoni pamoja na saa zake, ili mtu ajue kabla hajavua koti.

Yule mzee sikumkuta wiki iliyopita. Niliambiwa ameacha kazi. Maelezo haya haya, pamoja na siku na saa ya tukio, nimemwandikia meneja wa mgahawa ule na kuyafikisha kwa mkono wangu mwenyewe. Bado nangoja jibu lake, na Jumanne ijayo saa tisa alasiri nitakwenda tena kuiomba meza ya dirishani.

Msomaji wako wa siku nyingi