Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi na Mipango ya Miji, Kaunti ya Kisumu: Karibu kwangu saa tisa alasiri

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi cherehani. Nimepanga chumba ghorofa ya tatu hapa mjini, katika jengo ambalo sitalitaja, maana kodi ya mwezi huu sijaikamilisha.

Jengo lenyewe linapendeza. Upande wa magharibi ni kioo kitupu kutoka sakafuni hadi darini, kwa sababu vyumba vilitangazwa kwamba ziwa linaonekana. Linaonekana kweli, mpaka saa saba. Kuanzia hapo jua hutushukia usoni, na ikifika saa tisa mkasi uliosahauliwa karibu na dirisha haushikiki bila kitambaa. Basi nimetundika shuka mbili za mitumba kwenye hicho kioo. Chumba kikiingia giza, nawasha taa. Yaani jua la Kisumu limejaa tele huko nje, nami ndani nanunua tokeni ili nione tundu la sindano. Na upepo wa ziwa, ule unaoanza kuvuma mchana, unagonga kioo kisichofunguka na kwenda zake.

Baadaye zilipandishwa paneli za sola juu ya paa, na langoni kikabandikwa kibao kwamba hili ni jengo la kijani, yaani lisilodhuru mazingira. Sina ugomvi na sola. Ila tupige hesabu. Kwetu hapa mita moja ya mraba hupata zaidi ya yuniti 5 za nguvu za jua kwa siku, na paneli hugeuza kama sehemu moja ya tano kuwa stima. Kwa hivyo mita moja ya paneli ni yuniti moja hivi. Kiyoyozi cha ofisi moja, kikinguruma kutwa, humeza yuniti 8 hata 10. Feni ya dari kwa muda huohuo haifikishi moja. Paa letu ni moja, ghorofa ni tano. Hata ukilifunika lote kwa paneli, halitaweza kulipia vyumba vilivyojengwa kama oveni. Jengo la kujilipia stima, linalozalisha kwa mwaka kiasi kilekile linachotumia, huanzia kwenye ramani. Paneli huja mwisho.

Na ramani hupitia ofisini kwako.

Huko Abu Dhabi, ambako kiangazi joto hupita digrii 40, waliojenga mji wa Masdar walianza na vichochoro vyembamba vyenye kivuli na mnara wa kushusha upepo. Karibu zaidi, Turkana, msanifu majengo Francis Kéré alibuni kampasi iliyokamilika 2021, yenye minara mirefu mfano wa vichuguu ya kutolea hewa moto. Sisi joto letu la mchana ni digrii 30 hivi, na usiku kunapoa. Kazi yetu ni nyepesi kuliko yao.

Ikweta iko hapa jirani, jua linapita utosini. Ukuta wa kaskazini na wa kusini hauumii sana, upenu mpana unaukinga. Taabu iko mashariki na magharibi, ambako hata upenu hautoshi kwa kuwa jua la saa kumi huingia limeinama. Huko weka ngazi, vyoo, ukuta mzito, au matofali ya matundu yanayopitisha upepo. Nyumba ya nyanya yangu kule Seme ilikuwa ya nyasi. Sisemi turudi huko. Ilivuja, na sisi wajukuu ndio tuliotumwa kukata nyasi. Lakini upenu wake ulishuka chini mpaka mgeni akainama kuingia. Leo mabati hukatwa sambamba na ukuta, dari hakuna, na rangi ni maruni kwa sababu ndiyo fasheni. Maruni hunywa jua. Nyeupe hulirudisha lilikotoka.

Sikuombi sheria mpya. Kanuni za ujenzi za 1968 zimeshapisha zile za 2024, na Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mwenye sola kuingiza ziada yake kwenye gridi, mtandao wa stima wa taifa, ikahesabiwa. Shida yangu ni muhuri. Kabla haujagonga ramani ya ghorofa, afisa wako aulize: saa tisa, jua litakuwa kwenye dirisha lipi? Kioo cha magharibi kisicho na kivuli kirudishwe kwa mchoraji. Wenye majengo watalia gharama, lakini kugeuza jengo likiwa karatasini ni kazi ya raba na penseli. Na muanze na ya kaunti yenyewe, zahanati na madarasa ya chekechea. Mimi nikizidiwa na joto nitashuka nikanywe soda kibandani. Mtoto wa miaka minne atakwenda wapi?

Karibu ujionee, siku yoyote isipokuwa Jumapili. Usije asubuhi, utaishia kusifu ziwa. Njoo saa tisa, na ujiandae kupanda ngazi, lifti imelala.

Wako,
Fundi cherehani, Kisumu mjini