Dawa za wagonjwa wa akili zisikatike

Mhariri,

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Huu ni mwaka wa tatu anatibiwa skizofrenia, ugonjwa ambao mtaani kwetu unaitwa kichaa, basi.

Kabla ya hospitali tulihangaika sana. Alisikia sauti zikimtukana, akawa anajifungia ndani mchana kutwa. Tukampeleka kwa mganga, akachanjwa, mbuzi wawili wakaenda. Siwalaumu wazazi wangu, hakuna aliyewahi kutueleza kwamba ubongo nao huugua. Hospitalini akaanzishiwa sindano ya kila mwezi, fulufenazini. Sauti zikapungua, mwishowe zikanyamaza. Lakini mikono ikaanza kutetemeka, hata kutunga uzi akashindwa, nikawa namtungia mimi. Tulipomweleza muuguzi hakumwachisha sindano. Daktari akamwongezea vidonge vya benzeksoli, na baada ya siku chache akatunga mwenyewe. Wengi huacha dawa hapo hapo, hawajui kwamba madhara yale nayo yana tiba.

Mwaka jana kliniki tunayokwenda ilikosa sindano miezi miwili mfululizo. Njooni wiki ijayo, njooni wiki ijayo. Majirani wakasema, kwani si amepona? Hata mimi nilitamani iwe hivyo. Usiku mmoja, saa nane, nikasikia cherehani inalia. Nikamkuta anashona shuka, mashine haina uzi, shuka zima limejaa matundu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la tiba la Lancet ulikusanya majaribio mengi ya dawa hizi. Ndani ya mwaka mmoja, kati ya kila wagonjwa 100 walioachishwa dawa, 64 waliugua upya; kati ya kila 100 walioendelea nazo, ni 27. Nazo si dawa za anasa. Fulufenazini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dawa ya presha ikiisha dirishani watu hulalamika mpaka kwa diwani. Hizi zikiisha, mgonjwa hawezi kujisemea na ndugu zake wanaona aibu.

Naomba wanaoagiza dawa wilayani wazihesabu hizi kama wanavyohesabu za presha na kisukari, na zishushwe hadi zahanati. Ushauri nasaha nao tunauhitaji sana, lakini mtu anayetukanwa na sauti usiku kucha hawezi kukaa chini akausikiliza.

Sindano yake ijayo ni Jumanne. Tutapanda basi la alfajiri, maana wanaochelewa hukuta zimeisha.

Dada wa mgonjwa,
Muheza, Tanga