Gala wa Inanna hawakuwa matowashi wa Roma

Mhariri,

Makala yenu ya miungu wa kike wa zamani nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwenye daladala, mara ya pili nyumbani nimetulia, na mengi mliyoandika sina ugomvi nayo. Ila pale mliposema watumishi wa Inanna, mungu wa kike wa Sumer ya kale, wote walikuwa matowashi waliojikata wenyewe, hapana bana, hapo mmechanganya.

Wa kujikata ni wale galli wa Cybele, mungu mama wa Pessinus, Uturuki ya leo. Warumi walimleta kwao mwaka 204 KK Hannibal, yule jemadari wa Carthage, akiwa anawahenyesha, wakabeba na jiwe lake jeusi, halafu walipoona watumishi wake wanavyocheza damu zikiwatoka wakashtuka, raia wa Roma akapigwa marufuku kujiunga.

Wa Inanna waliitwa gala. Majina yanafanana, nadhani ndo mwandishi wenu alipoteleza, lakini gala ni wa Sumer, kusini mwa Iraki, miaka kama elfu mbili kabla ya hapo. Kazi yao ilikuwa mbolezi. Na waliziimba kwa Kiemesali, lahaja ambayo kwenye tungo za Kisumeri ndio wanayoongea miungu wa kike, yaani mwanaume mzima anasimama hekaluni analia kwa maneno ya kike, na vibao vya udongo vinaonyesha wengine wao walikuwa na mke na watoto. Sasa huyo naye towashi?

Manake jambo lenyewe la kuchanganya uke na uume lilianzia kwa Inanna. Kuna wimbo unaotajwa kuwa wa Enheduanna, binti wa mfalme Sargon, kuhani wa mji wa Ur kama mwaka 2300 KK (wasomi wanabishana kama kautunga yeye kweli, nakala zilizopo ni za karne kadhaa baadaye), unasema kumgeuza mwanaume awe mwanamke na mwanamke awe mwanaume ni uwezo wa Inanna. Umetajwa kwenye orodha ya nguvu zake pamoja na mambo mengine makubwa, wala hauombewi radhi. Baadaye huko Ashuru wakamwita Ishtar, na wimbo wa mfalme Ashurbanipal unampa ndevu kabisa! Nyota yake ni Zuhura, hii hii tunayowapa mabinti zetu jina, na kuna kibao kinasema jioni ni mwanamke, alfajiri ni mwanaume.

Halafu mmeiruka hadithi tamu kuliko zote. Inanna kashuka kuzimu kwa dada yake Ereshkigal, kauawa, maiti imetundikwa kwenye msumari. Mungu Enki akachokoa uchafu wa kucha zake akaumba viumbe wawili, kurgara na galatura, na galatura maana yake ni gala mdogo. Wakapenya kama nzi wakamkuta Ereshkigal anaugulia kama mama mwenye uchungu wa kuzaa, akisema oo tumbo langu na wao oo tumbo lako, akisema oo mgongo wangu nao oo mgongo wako. Aliyewahi kukaa na wafiwa anaijua hiyo, unamwitikia tu. Ereshkigal moyo ukalainika akataka kuwapa mto, wakakataa, shamba, wakakataa, wakaomba ile maiti. Kwa hiyo mungu mwenyewe kaokolewa na waombolezaji wake, ndo mje mseme walikuwa watu wa pembeni?

Tena Kisumeri hakina yeye wa kike na yeye wa kiume, kama Kiswahili tu, mwandishi wenu angeisimulia bila shida kuliko hao Wazungu wanaohangaika kuchagua kila sentensi.

Naomba toleo lijalo mrekebishe hiyo sentensi. Na ile picha mliyoweka ya mwanamke wa sinema itoeni, wekeni kile kisahani cha jiwe cha Enheduanna kilichochimbwa Ur mwaka 1927, kipo makumbusho ya chuo kikuu huko Philadelphia, sura yake ipo pale amevaa gauni la mikunjo mikunjo.

Msomaji wenu, Tanga